Kompyuta Isimnyamazishe Mtoto

Mhadhara kwa wazazi na walimu, Herndon, Virginia



Nimeombwa nizungumzie teknolojia ya darasani na namna inavyoweza kumsaidia mtoto anayejifunza Kiingereza. Nitatoa msimamo wangu mapema ili tuujadili tukiwa na muda. Kifaa chochote kinachoingia darasani nakipima kwa swali moja tu: mtoto akishakitumia, ameongea zaidi au ameongea kidogo? Kama kimemfanya aongee, asikilizwe, abishane na wenzake na aandike mawazo yake mwenyewe, hicho ni kifaa cha elimu. Kama kimemkalisha pembeni kipindi kizima, vipokea sauti masikioni, anabonyeza majibu, kimya kama maji mtungini, basi hata kiwe cha bei gani hakijamfundisha lugha.

Haya yana uzito wa pekee hapa Herndon. Mji wetu ni mdogo, una wakazi kama 24,000, lakini umezungukwa na utajiri wa kompyuta. Amazon Web Services wana ofisi zao hapa. Ukivuka mpaka wa kaunti ukaingia Loudoun, pale Ashburn, unakutana na majengo makubwa yaliyojaa seva usiku na mchana. Kaskazini mwa Virginia kuna vituo vya data vingi kuliko eneo lingine lolote duniani. Tangu Novemba 2022 treni ya Silver Line inasimama Herndon na kuendelea hadi uwanja wa ndege wa Dulles na Ashburn. Na jioni ukipita Elden Street utasikia Kihispania cha El Salvador, Kiurdu, Kiamhari, na ukitega sikio vizuri, Kiswahili pia: cha Mombasa, cha Dar es Salaam, cha Bukavu. Watoto wa nyumba hizo wanasoma katika shule za umma za Kaunti ya Fairfax, wilaya ya elimu kubwa kuliko zote Virginia, yenye wanafunzi wapatao 180,000 wanaotoka katika nyumba zinazozungumza lugha zaidi ya 200.

Kwa hiyo vifaa tunavyo. Na tumeshaona kwamba vifaa peke yake havitoshi.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, kaunti ilipanga kuanza masomo ya mtandaoni tarehe 14 Aprili. Asubuhi ile mfumo uligoma. Walimu na watoto walishindwa kuingia. Ilikuwa fedheha, lakini hitilafu za mitambo hurekebishwa, na masomo mapya yalipoanza baada ya likizo ya kiangazi watoto walikuwa na kompyuta, na familia zisizo na intaneti ziliazimwa vifaa vya kuunganishia. Kikwazo cha vifaa kikawa kimepungua sana. Ilipofika Novemba, wilaya yenyewe ikatoa ripoti ya robo ya kwanza ya mwaka wa masomo. Alama za F kwa wanafunzi wa sekondari zilikuwa zimepanda kutoka asilimia 6 hadi asilimia 11. Kwa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza zilifika asilimia 35. Yaani katika kila alama tatu walizopewa, zaidi ya moja ilikuwa ya kufeli.

Mtoto ambaye Kiingereza chake ni cha kuanzia hutegemea mambo mengi yasiyo maneno. Mwalimu anaposema fungueni ukurasa fulani, yeye anatazama wa jirani yake umefunguliwa wapi. Anasoma mkono wa mwalimu unaoonyesha, uso wake unaokunja ndita au kutabasamu. Ana mwenzake wa kumnong'oneza. Kwenye skrini vyote hivyo viliondoka kwa mpigo: kamera zimezimwa, vipaza sauti vimefungwa, maelekezo yote yamegeuka aya ndefu za Kiingereza za kusoma peke yako. Watoto wetu walikuwa na kompyuta nzuri mapajani, na hawakuwa na mtu wa kuongea naye.

Sheria ya nchi hii ilishaliona jambo hilo kabla ya kompyuta kuingia madarasani. Januari 1974, katika kesi ya Lau na Nichols, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza malalamiko ya watoto wa Kichina wa San Francisco, wapatao 1,800, waliokaa darasani bila kupewa msaada wowote wa Kiingereza. Wilaya yao ilijitetea kwamba watoto wote walipewa vitabu vilevile, walimu walewale na mtaala uleule. Mahakama ikakataa: kumpa vitu sawa mtoto asiyeelewa lugha ya kufundishia si kumtendea sawa. Hukumu hiyo ilisimama juu ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na mwaka uleule wa 1974 Bunge likapitisha sheria nyingine inayozitaka shule zichukue hatua za kumwondolea mtoto kikwazo cha lugha. Machi 2025 Rais alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya Marekani, na wazazi wengi wameingiwa na wasiwasi. Amri ya Rais haifuti sheria iliyopitishwa na Bunge. Haki ya mwanao ingalipo. Na hoja ya San Francisco inatuhusu sisi moja kwa moja: kugawa kompyuta zinazofanana kwa watoto wote si kuwafundisha sawa.

Basi tuingie darasani.

Kijana mmoja wa darasa la tisa, familia yake Wakongo waliokaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani. Somo ni baiolojia, mada ni seli. Mbele yake kompyuta, na ndani yake programu ya Microsoft iitwayo Immersive Reader, ambayo humpanulia mtoto nafasi kati ya mistari, huyakata maneno marefu kwa silabi, husoma kwa sauti, na akitaka humtafsiria neno moja au ukurasa mzima. Mwalimu wake, mtu mwema, alikuwa ameona kwenye karatasi za usajili kwamba lugha ya nyumbani ni Kiswahili, akamgeuzia ukurasa wote kwa Kiswahili. Kijana akasoma mistari miwili, akakwama. Alikaa akiutazama ukurasa ule wa lugha yake kwa mashaka yaleyale aliyokuwa nayo kwenye Kiingereza. Utando wa seli kwa Kiswahili hakuwahi kufundishwa na mtu. Kule Nyarugusu watoto wa Kikongo husoma kwa mtaala wa kwao, na mtaala wa kwao ni wa Kifaransa. Kiswahili alikuwa nacho cha nyumbani na cha sokoni. Sayansi aliipokea kwa lugha nyingine.

Mwalimu alipomuuliza alisoma kwa lugha gani, akabadilisha ukurasa kuwa wa Kifaransa. Kidole chake kikaanza kushuka ukurasa kwa kasi, mara kikasimama, mara kikarudi juu kulinganisha na mchoro. Baada ya hapo alirudi kwenye Kiingereza, safari hii akiwa anajua anachokitafuta. Jirani yake, binti kutoka El Salvador, alikuwa amekwama palepale alipokwama yeye mwanzo. Kijana akachukua penseli akamchorea seli, na kwa Kiingereza chake cha kuokoteza akamweleza kinachoingia na kinachozuiwa kupita. Binti akamsahihisha neno moja, yeye akamsahihisha jingine. Mwalimu alipoona hivyo akawaambia wajirekodi dakika moja wakieleza mchoro wao kwa darasa. Mara ya kwanza walicheka, ya pili wakasahau neno, halafu wakatoa maelezo ambayo mtihani wowote wa baiolojia ungeyakubali.

Nimelieleza tukio hili kirefu kwa sababu lina karibu kila ninachotaka kusema. Programu ilifanya kazi yake vizuri, ila iliwahitaji watu wawili: mwalimu wa kumuuliza kijana alisoma kwa lugha gani, na mwenzake wa kuelezwa. Walimu, karatasi za usajili zinawapa lugha ya nyumbani. Ulizeni pia lugha ya shule alikotoka. Mtoto aliyemaliza darasa la saba shule ya serikali Tanzania alifundishwa sayansi na hisabati kwa Kiswahili. Huyo mpeni ukurasa wa Kiswahili, atakimbia. Mtoto wa Nairobi huenda alisoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne, na anachohitaji ni kuizoea lafudhi ya hapa tu. Wote watatu kompyuta inawaandika kuwa ni wa Kiswahili.

Na msidanganywe na mtoto anayepiga soga kwa Kiingereza kwenye basi la shule. Mwaka 1979 Jim Cummins, mtaalamu wa lugha aliyefanya kazi yake Kanada, alitenganisha Kiingereza cha mazungumzo na Kiingereza cha masomo. Cha mazungumzo mtoto hukipata kwa mwaka mmoja au miwili. Cha masomo, kile cha kueleza sababu, kulinganisha na kutetea hoja kwa maandishi, huchukua miaka 5 hadi 7. Hapo katikati ndipo watoto wengi hupotea, maana kila mtu anadhani wameshafika.

Sasa mtihani. Virginia ni mojawapo ya majimbo yanayotumia mitihani ya WIDA, inayoendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison. Kila mwaka, majira ya baridi, mtoto anayejifunza Kiingereza hupimwa kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, na hupewa daraja kati ya 1 na 6. Kwa miaka kadhaa Virginia imetaka wastani wa 4.4 ili mtoto ahesabiwe kuwa amefuzu. Wazazi wengi hawajui sehemu ya kuongea inafanyika vipi. Mtoto anavaa vipokea sauti vyenye kinasa, anakaa mbele ya skrini, anasikiliza sauti iliyorekodiwa ikimuuliza, anasikia mwanafunzi wa mfano akijibu, halafu zamu yake inafika na muda unahesabika. Hakuna uso wa mtu. Mtoto wetu amelelewa kuongea na mkubwa kwa heshima, kwa kungoja aitikiwe, na leo anatakiwa aiambie mashine hoja zake kwa sauti kubwa huku darasa zima linamsikia. Wapo wanaonong'ona sentensi moja na kunyamaza, wakati Kiingereza chao kingewafikisha mbali zaidi.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Kila kompyuta ya shule na kila simu ya nyumbani ina kinasa sauti. Mwalimu ampe mtoto kazi ya kurekodi tangu Septemba, mara kwa mara, dakika moja moja: eleza jaribio la leo, simulia hadithi tuliyosoma, pinga hoja ya mwenzako. Ajisikilize, afute, arudie kabla ya mtu mwingine kusikia. Kwa mtoto mwenye haya, ruhusa hiyo ya kufuta inampa ujasiri ambao kunyoosha mkono darasani hakumpi. Kisha rekodi iende kwa binadamu, mwenzake au mwalimu, apate jibu. Rekodi isiyosikilizwa na mtu ni kazi bure. Maandishi yanayotokea chini ya video nayo yawashwe kila mara: mtoto anasikia neno na kuliona kwa wakati mmoja, na hilo linasaidia sana masikio ambayo bado hayajazoea kasi ya Wamarekani.

Kuhusu mashine za kutafsiri, nazipenda na naziogopa. Zinampa mgeni wa jana uwezo wa kufuata somo leo, na hilo si jambo dogo. Lakini Kiswahili cha mashine hizo bado kina mashimo. Nimeona karatasi ya hesabu ambayo mtoto, badala ya kuambiwa azidishe 7 kwa 8, aliambiwa atafute bidhaa (kwa Kiingereza, product) ya 7 na 8. Akaacha wazi. Mwalimu akaandika kwamba hajui kuzidisha. Mashine hizi hujifunza kutokana na maandishi na sauti zilizomo mtandaoni, na vya kwetu ni vichache ukilinganisha na Kihispania au Kichina. Ndiyo maana nawaomba vijana mliopo hapa mchangie. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa mtu yeyote mwenye simu, za lafudhi zote, na zinatumika bure. Watafiti wa Kiafrika wa Masakhane wanafanya kazi kama hiyo kwa lugha zetu nyingi. Ukisoma sentensi kadhaa jioni moja, mdogo wako atapata mashine inayomwelewa.

Kwa wazazi, mashine itoshe kwa ujumbe mdogo: kesho kuna safari, leteni koti. Ikifika kwenye nidhamu, elimu maalumu, au kumpandisha na kumrudisha mtoto kozi, dai mkalimani mwenye ujuzi na dhamana. Fairfax ina simu za taarifa kwa wazazi kwa Kihispania, Kiarabu, Kikorea, Kivietinamu, Kiurdu, Kifarsi, Kichina na Kiamhari. Kiswahili hakimo. Hakimo kwa sababu sisi ni wachache hapa, lakini pia kwa sababu wengi wetu kwenye fomu tunaandika Kiingereza, tukidhani mtoto atapelekwa darasa la chini. Anayehesabu lugha za kaunti hawezi kuiona lugha ambayo wenyewe tumeificha.

Nyumbani kwetu Afrika Mashariki tuna uzoefu ambao walimu wa Herndon wangefaidika nao. Kaunti ya Kisumu, Kenya, mwaka 2013, chini ya mradi wa PRIMR, watafiti waliweka mizani nzuri sana. Shule nyingine zilipewa vifaa vya kusomea vya wanafunzi, nyingine vishikwambi kwa walimu, nyingine vishikwambi kwa maofisa wanaozunguka kuwasaidia walimu. Ufundishaji ulioboreshwa na mradi ulileta faida kote, lakini kuongeza vifaa vya gharama kubwa hakukuleta tofauti ya maana juu ya hapo, na kwa kila shilingi iliyotumika, kishikwambi mkononi mwa ofisa kilikuwa na tija kubwa kuliko vifaa vya wanafunzi. Mradi wa Tusome ulipoanza nchi nzima mwaka 2015, ukafuata njia hiyo: vitabu kwa mtoto, kishikwambi kwa anayemsaidia mwalimu. Fairfax ina fedha ambazo Kisumu haikuwa nazo, na bado somo ni lilelile. Kabla ya kununua programu nyingine, mpeni mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa baiolojia saa moja kwa wiki wakae wapange pamoja.

Mtu ataniuliza kuhusu Tanga, na ni haki yake. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo, wengi wao hawajawahi kukanyaga shule. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu, bila mwalimu. Programu mbili, Kitkit School na ile ya onebillion, zikagawana tuzo ya dola milioni 10 Mei 2019. Je, hili halivunji hoja yangu? Mimi naona linaipa nguvu kwa upande mmoja: watoto wale walifundishwa kusoma kwa lugha waliyokuwa wakiiongea tayari. Na nusu iliyobaki inatuambia mwalimu alikuwa anahitajika bado.

Ila Tanga imetuachia kitu cha kutumia hapa. Kanuni za shindano zilitaka programu za walioingia fainali ziwekwe wazi, kwa Kiswahili na Kiingereza, mtu yeyote azichukue bure. Kuna watoto wanaofika Virginia wakiwa na miaka 12 au 13, vita imewakatia shule, hawajui kusoma kwa lugha yoyote. Shule huwaanzishia kusoma kwa Kiingereza, sauti wasizozijua kwa maneno wasiyoyajua. Mtoto kama huyo anaweza kupewa dakika 20 kwa siku ajifunze kuunganisha silabi kwa Kiswahili, lugha inayosomeka kama inavyoandikwa. Akishajua kwamba herufi zina sauti, ujuzi huo anahama nao kwenda Kiingereza. Sijui sababu yoyote ya kutofanya hivyo kuanzia muhula ujao.

Akili mnemba nitaigusa kidogo tu. Inaandika insha nzuri kuliko mtoto, na hapo ndipo hatari ilipo: alama zitapanda, lugha itabaki palepale. Mwalimu amruhusu aitumie kuuliza maswali, kupata mifano, kusahihishiwa sentensi aliyoiandika mwenyewe, kisha amsimamishe amweleze kwa mdomo alichoandika. Asiyeweza kueleza, arudie.

Wazazi wenzangu, mikutano ya walimu na wazazi inakuja. Msiishie kuuliza mtoto ana alama gani. Ulizeni: leo mwanangu ameongea na nani darasani, ameongea nini, na nani ameisikiliza rekodi yake? Waambieni walimu alisoma kwa lugha gani alikotoka, andikeni Kiswahili kwenye fomu bila woga, na nyumbani endeleeni kuongea naye Kiswahili, mumsikilize akiwaeleza seli na sehemu na historia ya Virginia kwa lugha yenu. Mkalimani wa shule halipiwi na mzazi. Mwombeni mapema, kabla ya siku ya kikao, na msikubali mtoto mwenyewe awe ndiye mkalimani.